Watoto wa Kilima cha Ajdi

Siku Bwana Ortolf alipopanda kilimani na kamba na vigingi, Malina alikuwa mtoni akifua, na pale alipokuwa aliweza kumwona vizuri. Alimwona akizunguka kwenye magofu mkono kiunoni, fundi wake nyuma akipigilia vigingi. Kigingi cha kwanza kilikwenda penye lango la kale. Cha pili kwenye ukingo wa jabali. Cha tatu kikapigiliwa juu kabisa, nyuma ya kile kikanisa kisicho na paa. Malina alisimama katikati ya maji, shati la mumewe likichuruzika mkononi, kisha akaacha kila kitu palepale na kupanda kijijini mbio.

"Unafukuzwa na dubu?" aliuliza mama mkwe wake, Budina, aliyeketi mlangoni akimenya figili.

"Wanajenga kule juu, mama."

"Mbona kila mtu anajua wanajenga kule juu. Nguo ziko wapi?"

"Wanajenga pale kanisani. Penyewe."

Kisu cha Budina kikasimama kidogo, kisha kikaendelea. "Nenda kachukue nguo," alisema, "kabla mto haujazichukua."

Kwetu Podkamen, kila mtoto alilelewa akijua kwamba kilima kile ni cha Ajdi, majitu yaliyoishi duniani kabla yetu, ambayo yalikuwa yakirushiana shoka moja kutoka mlima huu hadi mlima ule. Nani mwingine angeweza kupandisha mawe kama yale? Padri Ulrik alisema hapana, walikuwa Warumi, watu kama sisi, waliopanda huko na mifugo yao wakati nchi yao ilipovurugika, wakajizungushia ukuta, wakajenga na kanisa. Tulimsikiliza kwa heshima, tukaendelea kuwaita Ajdi. Ukuta wao ndio uliowaficha mababu zetu wakati wavamizi Wamajari walipokuja na farasi wao. Ndani ya ukuta huo tulichunga mbuzi, tukaokota uyoga, na vijana wakachumbiana. Kisha mtawala wetu, mwenye bonde zima, akampa kilima hicho mtumishi wake Ortolf, askari kijana wa kutoka kaskazini, ajenge ngome juu ya ile ya kale. Kila nyumba ikatakiwa kutoa mwanamume mmoja wa shokoa, kazi ya lazima isiyo na ujira. Nyumba ya Budina ikamtoa mwanawe Negoj, mumewe Malina.

Jambo la Malina lilikuwa hili. Mwaka uliotangulia, katika baridi kali, alijifungua mtoto wa kike ambaye hakulia. Alizaliwa kimya, na kimya kikabaki kimya. Mtoto asiyepumua habatizwi, na asiyebatizwa hazikwi penye makaburi ya Mtakatifu Jurij, kanisa letu. Negoj alimfunga kitambaa, akamweka ndani ya kapu, akapanda naye kilimani kwenye theluji. Aliporudi, Malina akiwa bado kitandani na homa, alimuuliza, "Umemlaza wapi?" Negoj akajibu, "Pale ukutani, kanisani kwa Ajdi." Theluji ilipoyeyuka Malina alipanda, akazunguka ule ukuta akipapasa nyasi kwa mikono, asione dalili yoyote. Alipanda tena, na tena. Kila alipomuuliza mumewe, mumewe alipata kazi ya kufanya kwenye mizinga ya nyuki.

Basi tangu vile vigingi, Malina hakukaa. Alianza kufuma akaacha, akasonga unga akaacha. Akilala huamka, akiamka hujikuta mlangoni. Mwisho alijipeleka mwenyewe kilimani, akaomba kazi ya kuwachotea mafundi maji, kazi ambayo hakuna mwanamke aliyeitaka kwa jinsi njia ilivyo kali. Siku nzima alipanda na kushuka na mzega begani, ndoo mbele, ndoo nyuma, na kila alipofika juu macho yake yalikwenda kwenye mtaro wa msingi, kuona umesogea kiasi gani.

Ulisogea haraka. Fundi mkuu, Pelegrin, Mfurlani wa kutoka upande wa bahari, alikuwa mtu mcheshi, mwenye kitambi, asiyependa kuona sururu imepumzika. Aliwaambia watu wabomoe ukuta wa kikanisa kwanza, kwa sababu mawe yake yalikuwa yamechongwa tayari. "Wazee wametufanyia nusu ya kazi," alisema. "Tuwaombee, halafu tuchukue."

Kabla tu ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane, sururu ya Negoj ilipiga kigae. Malina alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, akimimina maji kwenye pipa. Alisikia mlio, akageuka. Negoj alikuwa amepiga magoti, anatoa udongo kwa vidole. Kilikuwa kigae kikubwa cha paa, cha namna ambayo hakuna anayeitengeneza siku hizi. Alipokiinua, chini yake palikuwa na mifupa ya mtoto mchanga, myembamba kama vijiti vya kuwashia moto.

Wanaume wakarudi nyuma, wakafanya ishara ya msalaba. Pelegrin akainama, akatazama, na uso wake ukachangamka.

"Eh, bahati gani hii! Kwetu fundi hutafuta mtoto wa kuweka chini ya mnara asimpate, anazika jogoo. Ninyi mmepewa bure! Mnara huu hautatikisika mpaka siku ya kiama."

Bwana Ortolf akaitwa. Alikuja akivuta glavu zake, akachungulia mtaroni, rangi ikamtoka kidogo.

"Wa zamani?" aliuliza.

"Wa zamani sana, bwana. Na pengine wapo wengine. Mahali kama hapa mtoto huwa hayuko peke yake."

"Waacheni walipo. Mkimaliza kuchimba, mwageni chokaa na mawe juu yao." Kisha, kama mtu aliyeulizwa swali, akaongeza, "Lazima mnara usimame. Bwana wangu ametaka usimame."

Malina alimtazama mumewe. Negoj alikuwa anatazama ardhi.

Jioni hiyo nyumbani hakukuwa na mtu aliyegusa uji wa ulezi. Malina alikuwa akitembea kutoka jikoni hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi jikoni, mpaka Budina akamwambia, "Utatoboa sakafu, na sina nyingine."

"Mwambie mwanao aseme," alijibu Malina. "Aseme tu. Ni yeye?"

"Si yeye," alisema Negoj.

"Umejuaje?"

Negoj alijishika kichwa. Alikuwa mtu mkubwa, mabega kama mlango, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo. "Kwa sababu yule nilikuta ameshalala pale. Siku ile. Ardhi ilikuwa imeganda, mke wangu, sikuweza kuchimba. Nikatafuta chini ya ukuta palipo laini. Nikafukua, nikakuta kigae, nikakifunua, nikaona mtoto. Si wetu. Mtoto wa nani sijui. Nikaogopa. Nikafikiri nimemwamsha mtoto wa Ajdi na mama yake atanifuata. Nikakifunika mbio mbio. Wetu nikamlaza hapo hapo pembeni, nikamfunika kwa mawe, nikakimbia. Nilimkimbia mwanangu, Malina. Ndiyo maana sikusema."

Malina aliketi, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Pembeni upande gani?" aliuliza.

"Sijui. Kulikuwa na giza la theluji. Kulia. Au kushoto."

"Na chokaa wanamwaga lini?"

"Baada ya sikukuu. Upande wa magharibi wameshamwaga. Upande huu chokaa bado ina moto, inasubiri ipoe."

"Kwa hiyo mwanangu," alisema Malina polepole, "ambaye hakupata hata kunyonya, anakwenda kubebeshwa mnara wa watu. Sisi tulio hai tunafanya shokoa, sawa. Hata aliyekufa naye afanye shokoa?"



Asubuhi Malina alikwenda kwa Padri Ulrik. Alimkuta bustanini, kanzu imekunjwa hadi magotini, akipigana na konokono kwenye kabichi zake. Alimweleza yote akiwa amesimama, kwa sababu alikuwa hawezi kuketi. Padri alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, siwezi kuwazika penye makaburi," alisema. "Sheria si yangu."

"Sikuomba kaburi, Baba. Nimeomba mahali."

"Mahali popote patakatifu ni hivyo hivyo."

"Basi Mungu ametuumbia watoto wasio na mahali?"

Padri akamtupa konokono mmoja nje ya ua, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa mzee, na miaka yote aliyokaa kwetu alikuwa amewanyima akina mama wengi jambo hilo hilo. Alitazama kanisa lake, la mbao, lenye paa la mwinuko mkali.

"Mimi naweza kukuambia habari za paa tu," alisema. "Mvua ikinyesha juu ya kanisa, maji yanapita juu ya altare, juu ya msalaba, yanateremka upenuni. Yanaanguka chini pale kwenye mchirizi. Maji yaliyopita hapo ni maji gani, ya mvua au ya ubatizo, mimi sijui. Yanamwangukia nani, sijui pia. Mimi upenuni sichimbi na siangalii. Na kesho jioni nitasali sala za sikukuu nikiwa nimefunga mlango, maana kuna upepo."

"Hakuna upepo, Baba."

"Kesho utavuma," alisema Padri, akarudi kwenye kabichi.

Malina alirudi nyumbani anakaribia kukimbia. Alimkuta Budina amevaa shali lake la kanisani, ingawa haikuwa Jumapili, na kando yake yupo Jerca, mke wa mhunzi, mwanamke ambaye Budina alikuwa hajasema naye tangu ugomvi wa kuku.

"Mama, kuna nini?"

"Kaa chini. Au simama, nimechoka kukuambia." Budina alikohoa. "Nina wawili kule juu. Kabla ya Negoj mmoja, baada yake mmoja. Baba yake Negoj yule wa pili hakumjua kabisa. Alikuwa vitani."

Malina alimtazama kama anamwona leo.

"Mimi mmoja," alisema Jerca. "Mama yangu watatu. Dada yangu, yule wa kwenye kinu cha unga, mmoja. Unadhani wewe ndiye wa kwanza kupanda kule na kapu, mwali?"

"Mlijua! Mwaka mzima naparura nyasi kule juu, na mlijua!"

"Na sisi tuliparura nyasi zetu," alisema Budina. "Hakuna anayemwonyesha mwenzake nyasi hizo. Sasa acha kupiga kelele, utuambie padri amesemaje."

Siku ya Mtakatifu Yohane, kama kawaida, bonde zima lilishuka kwenye mbuga ya mtoni. Wanaume walirundika kuni za moto wa jioni, wakafungua mapipa ya pombe ya matufaha, wakaanza mieleka. Pelegrin aliangushwa na mhunzi mara mbili, akataka ya tatu. Jua likiwa utosini, wanawake wakaaga mmoja mmoja. Huyu amesahau mkate, yule anakwenda kukata majani ya kufuma mataji ya sikukuu. Walipofika kwenye kona ya njia ya kilimani walikuwa kundi, kila mmoja na kapu lake na sepetu. Malina hakuwangojea. Yeye alikuwa ameshafika juu.

Kilima kilikuwa kitupu. Mbuzi wawili walisimama juu ya ukuta mpya. Wanawake waliteremka mtaroni, wakachimba wakisogea kando ya msingi wa kikanisa, polepole, kwa mikono zaidi kuliko kwa sepetu. Kisha Jerca akapata wa kwanza, na baada ya hapo walipatikana wengi. Wengine walikuwa chini ya jiwe, kama tulivyowalaza sisi. Wengine walikuwa ndani zaidi, chini ya vigae vilivyoegemezwa viwili viwili kama paa la kibanda. Mmoja alikuwa ndani ya mtungi wa divai uliokatwa shingo, na kandoni mwake chupa ndogo ya kioo, ya kunyonyea au ya mafuta, nani ajuaye.

Budina aliuinua ule mtungi kifuani, akachungulia ndani.

"Majitu," alisema. "Haya ndiyo majitu! Mtoto mwenyewe ni mdogo kuliko wangu."

"Padri alisema walikuwa watu tu," alisema Malina.

"Padri anasema mambo mengi. Hili alipaswa kulisema kwa sauti zaidi."

Malina hakuinua kichwa tena. Alikuwa amefika penye kile kigae cha Negoj. Alichimba kulia, akapata mtoto. Akachimba kushoto, akapata mtoto. Akachimba mbele kidogo, akapata mwingine. Alikuwa amejiambia atakijua kile kitambaa, kitani aliyoifuma mwenyewe, yenye uzi wa buluu pindoni. Hapakuwa na kitambaa. Palikuwa na udongo mweusi kidogo, ambao ungeweza kuwa kitambaa, na ungeweza kuwa mizizi. Aliwageuza mikononi mmoja baada ya mwingine, anatafuta kitu ambacho mwili wake ungekitambua, na mwili wake haukutambua chochote.

"Mama," aliita. "Mama, simjui. Simjui ni yupi!"

Budina alimjia, akapiga magoti karibu yake kwa tabu. "Hata mimi wangu siwajui. Chukua wote, mwanangu. Chukua wote."

Ndipo waliposikia kwato.

Bwana Ortolf hakuwa mtu wa kunywa na wakulima, wala hakuwa mtu wa kukaa peke yake. Alikuwa akipanda kila siku kuutazama mnara wake, hata siku ambayo hapakuwa na jiwe la kutazamwa. Alisimamisha farasi ukingoni mwa mtaro, akaona migongo ya wanawake na makapu. Lugha yetu aliisema kama mtu anayetembea pekupeku juu ya kokoto.

"Nini hii? Mnafanya nini?"

"Tunavuna, bwana," alisema Budina bila kusimama.

"Hiyo mali ya ngome! Acha! Rudisha chini!"

Malina alipanda kutoka mtaroni. Alikuwa na udongo hadi viwikoni, taji la majani limemwangukia sikioni. Alikwenda mpaka kwenye bega la farasi, akainua kapu, akafunua shali.

"Chagua, bwana," alisema. "Onyesha aliye wako, tutakuachia."

Ortolf alitazama ndani ya kapu. Farasi alirudi nyuma, naye akamwacha arudi.

"Mnara utaanguka," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kijana. "Fundi amesema. Mnara ukianguka, bwana wangu atanikata kichwa."

"Ukitaka mtoto wa kuushikilia mnara," alisema Budina kutoka chini, "weka wako."

Mjeledi ulimpata Budina begani. Haukuwa wa nguvu sana, lakini wote tulikuja kuiona ile alama nyekundu. Wanawake wakasimama mtaroni, sepetu mkononi. Ortolf aliwatazama, na pengine ndipo alipogundua kwamba yuko peke yake na nusu ya kijiji. Akageuza farasi, akateremka kwenda kuita wanaume wake.

Wanaume wake walikuwa mbugani, wamelewa pamoja na wanaume wetu. Aliwapigia kelele. Wale wa kwetu waliposikia kwamba waliotakiwa kupigwa ni mama zao na wake zao, walionekana kupoteza kabisa uwezo wa kusikia. Negoj tu ndiye aliyeinuka. Alikwenda akasimama katikati ya njia ya kilimani na kipande cha mkate mweusi mkononi, akawa anakula. Hakumzuia mtu. Ila njia ilikuwa nyembamba, na yeye alikuwa mpana.

Jioni hiyo, mioto ilipowashwa, Padri Ulrik alikuwa ndani ya kanisa amefunga mlango, akiimba sala za sikukuu kwa sauti ambayo hatujapata kumsikia nayo. Wanawake walichimba upenuni, pale mchirizi unapoanguka, kutoka pembe hadi pembe. Waliwalaza watoto wao na watoto wa Ajdi bila kuwatenganisha.

Kisha mvua ikakawia. Kilikuwa kiangazi kibaya. Malina, aliyedhani akishamtoa mtoto kilimani atalala usingizi, hakulala. Alikuwa akitoka nje kutazama mawingu, anarudi, anatoka tena. Wengine walianza kumnung'unikia, maana adhabu ilikuwa imekuja. Bwana Ortolf alikataza mbuzi kilimani, wengi wakauzwa kwa kukosa malisho, na Negoj akaambiwa shokoa yake itaendelea mpaka theluji ije iyeyuke, bila kubadilishwa na mtu. "Mifupa imekula mbuzi wetu," alisema mmoja kisimani. Budina akamjibu, "Wewe ulizaliwa unalia, ndiyo maana unaweza kulalamika. Shukuru." Lakini hata yeye alikuwa amekonda.

Mvua iliponyesha hatimaye, ilinyesha kwa hasira. Malina alikimbia mpaka kanisani, akasimama chini ya paa. Maji yaliteremka kama pazia, yakachimba vijishimo kwenye udongo mpya. Aliyatazama mpaka akalowa hadi mifupani. Hakusikia amani aliyoitegemea. Alisikia baridi, akasikia njaa, akarudi nyumbani akala uji wote uliobaki.

Mnara ulipanda. Majani yalipoanza kuanguka ulikuwa umefunikwa paa, na Bwana Ortolf akamleta mkewe kutoka kwao. Baada ya hapo, asubuhi moja yenye ukungu, alikuja nyumbani kwa Budina akimvuta farasi kwa mkono. Hakuvaa glavu. Malina alikuwa anakanda unga.

"Wewe," alisema akiwa mlangoni. "Mliwatoa wote?"

Malina alifuta mikono. Angeweza kusema ndiyo, ingekuwa rahisi.

"Sijui, bwana. Upande wa magharibi mlikuwa mmeshamwaga chokaa. Upande ule hatukugusa."

Ortolf alishika fremu ya mlango. "Mke wangu ana mimba. Watumishi wamemwambia. Alichosema mama mzee, weka wako. Sasa halali. Anatembea. Mchana kutwa, juu na chini, juu na chini, ngazi ile ile. Nikimwambia kaa, anakaa, halafu anasimama."

Malina alimtazama. Alimwona amechoka, ndevu hazijanyolewa, na akagundua kwamba hakuwa amemzidi umri Negoj.

"Imebaki muda gani?"

"Mwezi. Pengine chini."

"Mlete hapa."

"Hapa?" alisema Ortolf.

"Hapa?" alisema Budina kutoka jikoni. "Atalala wapi, pamoja na mbuzi? Aa, nimesahau, mbuzi hatuna. Bwana ametusaidia kupata nafasi."

Aliletwa siku hiyo hiyo, juu ya punda, amefunikwa manyoya. Jina lake Gerbirg. Alikuwa bado msichana, pua nyekundu kwa kulia, na hakujua neno hata moja la kwetu. Budina alimpa maziwa ya moto yenye asali, akamwonyesha kitanda kilicho karibu na jiko. Aliketi. Halafu akasimama, akaanza kutembea kutoka jikoni hadi mlangoni.

"Mwingine," alisema Budina. "Sakafu yangu!"

Malina hakumwambia akae. Alimshika mkono, wakatembea pamoja. Siku zote zile walitembea, ndani mvua ikinyesha, nje ikikatika, wakapita kisimani, wakapita kanisani, mmoja akisema Kijerumani chake na mwingine akijibu kwa lugha yetu, na watu wakazoea kuwaona.

Mtoto alizaliwa wiki ya theluji ya kwanza, mwanamume, akalia kabla hajamaliza kutoka. Malina ndiye aliyempokea. Alimshika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka Budina akamgusa kiwiko. Padri Ulrik alikuja anakimbia, kiatu kimoja hakijafungwa, akambatiza kwa maji ya birika, hakungoja hata kuvua kofia.

Ortolf aliuliza wanataka nini kwa shukrani. Malina alisema, "Kilima, kwa mbuzi wetu." Ortolf akasema hilo si la kwake kuamua, atamwomba bwana wake. Labda alimwomba. Mbuzi hawakurudi kamwe. Ila Negoj aliachiwa shokoa siku ile, akarudi nyumbani na sururu begani, akalala mpaka siku ya pili saa ya chakula cha mchana.

Gerbirg alikaa kwetu hadi barafu ilipovunjika mtoni. Siku ya kupanda ngomeni alikataa punda, akapanda kwa miguu, Malina akiwa amembebea mtoto. Walipumzika penye kona, kisha tena chini ya ukuta. Kwenye lango Malina alimpa mama mtoto wake. Mlinzi akafungua, Gerbirg akamwashiria aingie naye. Malina akatikisa kichwa. Alisimama kidogo, akautazama mnara kuanzia msingi mpaka paa, hasa upande wa magharibi. Kisha akageuka, akashika njia ya kuteremka, haraka, karibu kukimbia, kwa sababu alikuwa ameacha mkate tanurini.